Redio ya mkononi au ya kufunga? Hesabu ya mwenye mzigo majini

Katika ufukwe wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, upakiaji haungoji jua lichomoze. Magunia ya unga, katoni za sabuni na madumu ya mafuta hupita mabegani mwa wapagazi hadi kwenye boti za mbao zinazoelekea Burundi na Kongo. Mwenye mzigo mara nyingi hapandi. Hubaki nchi kavu, simu mkononi, akihesabu saa. Boti ikishapotea machoni, simu ya nahodha nayo hupotea hewani, na kuanzia hapo hadi ng'ambo hakuna anayejua lolote: si mwenye mzigo, si mwenye boti, wala jamaa za mabaharia.

Kimya hicho ndicho kinachowapeleka wafanyabiashara kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki, Kariakoo kwa Watanzania na Luthuli Avenue kwa Wakenya, kuulizia simu za upepo. Na swali linaloulizwa ni moja: inunuliwe ile ndogo ya kushika mkononi, au ile kubwa ya kufungwa chomboni au kuwekwa mezani ofisini? Muuzaji hujibu kwa bei, kwa sababu bei ndiyo kazi yake. Lakini anayetuma shehena ya mamilioni kuvuka ziwa, pamoja na roho za watu wanne au watano walio juu yake, anahitaji jibu pana zaidi ya hilo.

Kwanza, redio yenyewe iwe ya aina gani. Vyombo vya majini duniani kote hutumia masafa ya VHF yaliyotengwa kwa ajili yao. Chaneli ya wito na ya dharura ni namba 16, kwenye megahezi 156.8, na ni hiyo hiyo Mombasa, Mwanza, Zanzibar au Bujumbura. Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Simu nyingi za upepo za bei nafuu, zile zinazotumiwa na walinzi wa majengo na waandaaji wa harusi, hufanya kazi kwenye masafa ya UHF ya kati ya megahezi 400 na 470. Mbili zikinunuliwa pamoja zitasikilizana vizuri sana. Lakini meli ikipita mita mia tano kutoka kwenye boti inayozama, redio hiyo haitaisikia wala haitasikika, hata nahodha apige kelele namna gani. Ziko pia za bei rahisi zinazoweza kupangiwa masafa ya VHF ya majini kwa kompyuta, ila nyingi hazikutengenezwa kwa ajili ya maji, na hazina idhini ya kutumika chomboni. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ukubwa, mnunuzi aulize: hii ni VHF ya majini, yenye chaneli 16 iliyopangwa kiwandani? Kama muuzaji anababaika, aende duka la pili.

UREFU WA ANTENA NDIO UMBALI

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba umbali wa redio unatokana na nguvu zake tu. Redio ya mkononi hutoa wati 5 au 6. Ile ya kufunga hutoa wati 25. Mtu akiona namba hizo hupiga hesabu ya haraka: mara tano ya nguvu, basi mara tano ya umbali. Sivyo. Mawimbi ya VHF husafiri kwa mstari karibu ulionyooka, na dunia ni mviringo. Upeo wa macho ukiisha, mawimbi nayo yanakaribia kuisha. Kinachousogeza upeo huo mbele ni urefu wa antena.

Mabaharia wana kanuni nyepesi: chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12. Jibu ni kilomita za upeo wa redio hiyo. Fanya hivyo hivyo kwa redio ya upande wa pili, kisha jumlisha. Nahodha aliyesimama ndani ya boti akiwa na redio ya mkononi ana antena iliyo kama mita 2 juu ya maji. Upeo wake ni kilomita 5.8. Akizungumza na mwenzake aliye katika hali hiyo hiyo, mwisho wao ni kilomita 11 au 12, na hapo ni maji yakiwa yametulia. Wimbi likiwa kubwa, boti zikawa zinapanda na kushuka, hesabu hiyo hupungua mno.

Sasa antena ya redio ya kufunga ikiwekwa juu ya mlingoti wa mita 6, upeo unakuwa kilomita 10. Boti mbili za aina hiyo zinaweza kusikilizana kwa umbali wa kilomita 20. Tofauti kubwa imeletwa na mlingoti kuliko na zile wati 25. Wati nazo zina kazi yake: hufanya sauti ifike safi pale ambapo ya wati 5 ingefika ikiwa imejaa miruzi. Lakini haziwezi kupenya mgongo wa maji.

Hesabu hiyo ina maana ya pekee kwa Ziwa Tanganyika, ziwa la nchi nne, ambalo upana wake wa wastani ni kama kilomita 50. Boti ikiwa katikati, kila ufuko uko umbali wa kama kilomita 25. Nahodha mwenye redio ya mkononi, akizungumza na kituo cha nchi kavu chenye antena ya mita 20, anafikia kilomita 24. Yaani anakaribia kufika, na kukaribia si kufika. Lakini ziwa hilo lina neema yake: limezungukwa na milima. Antena hiyo hiyo ikitolewa ufukweni na kuwekwa juu ya kilima kilichopanda mita 200 kutoka usawa wa maji, upeo wake peke yake unakuwa zaidi ya kilomita 58. Hapo hata redio ya mkononi ya wati 5 inasikika vizuri kutoka katikati ya ziwa. Hakuna duka linalouza kitu hicho. Kilima ni cha bure, kinachotakiwa ni ruhusa ya mwenye eneo na mtu wa kulinda betri isiibiwe.

Ziwa Victoria ni jambo jingine. Lina zaidi ya kilomita 200 kutoka mashariki hadi magharibi, na anayekatiza katikati atakuwa na saa nyingi ambazo hakuna VHF ya nchi kavu itakayomfikia, iwe ya mkononi au ya kufunga. Boti nyingi za mizigo lakini hazikatizi katikati. Huenda zikiambaa visiwa: Ukerewe na Ukara, Mfangano na Rusinga, Ssese. Kwa safari za namna hiyo mlingoti mzuri unatosha, ilimradi upande wa pili yuko wa kujibu. Wanaokwenda mbali zaidi wanapaswa kufikiria kifaa cha kutuma ishara ya dharura kwa setilaiti kwenye megahezi 406. Hicho hakisemi neno hata moja, lakini huwaambia waokoaji mahali kilipo, na hakijali upeo wa macho.

UMEME, MAJI NA CHUMVI

Redio ya kufunga ni mlafi wa umeme. Ikiwa inasikiliza tu hula kidogo, chini ya ampia moja. Ikitangaza kwa wati 25 hula ampia 5 au 6 kutoka kwenye betri ya volti 12. Kwa meli yenye injini kubwa na jenereta hilo halina uzito. Kwa boti ya mbao inayosukumwa na mashine ya nje ya mafuta ya petroli ni swali la kweli, kwa sababu mashine nyingi ndogo za kuwashwa kwa kamba hazichaji betri. Mwenye boti atalazimika kubeba betri na paneli ya sola, na kuifungia betri hiyo mahali pasipofikiwa na maji yanayojikusanya chini ya shehena. Wavuvi wa dagaa wametangulia katika jambo hili: karabai zimepungua, taa za LED za betri na sola zimechukua nafasi, na wengi wao tayari wana betri ndani ya mtumbwi. Anayesafirisha mzigo kwa boti za watu hao hahitaji kuanza na sifuri.

Redio ya mkononi hujitegemea. Betri yake huweza kukaa saa 8 hadi 12 na hata zaidi, lakini saa hizo hupimwa kiwandani kwa mtu anayesikiliza karibu muda wote na kuzungumza kidogo tu. Anayepiga soga safari nzima ataimaliza mapema. Jambo la kuulizia dukani, na ambalo wanunuzi wachache hulikumbuka, ni kama redio inakuja na kikasha cha kuwekea betri kavu ndogo za kawaida. Mwaloni hakuna soketi ya umeme, lakini betri kavu zinauzwa kwenye kila kibanda. Kikasha hicho kinaweza kuwa ndicho kitakachosema neno la mwisho usiku ambao chaji imekwisha.

Kuhusu maji, alama ya kutazama ni IPX7. Maana yake kifaa kinaweza kuzama mita moja kwa nusu saa na kutoka kikiwa kizima. IPX8 ni zaidi ya hapo. Zipo za mkononi zinazoelea zikidondoka, nyingine zikiwasha taa zenyewe zinapogusa maji. Kwa safari za usiku hilo si pambo. Boti ikipinduka, redio ya kufunga hupinduka nayo, betri yake hupotea, antena yake inaelekea chini ya maji. Ya mkononi, kama imefungwa kwenye jaketi okozi la nahodha na si kutupwa ndani ya ndoo ya nguo, huenda naye. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote ya redio ndogo, na ndiyo sababu wenye vyombo wanaojua kazi hawachagui moja: hufunga kubwa kwa ajili ya safari na kubeba ndogo kwa ajili ya ajali.

Kwa wafanyabiashara wa pwani, wale wa mashua za Vanga, Shimoni, Pemba, Tanga na Mombasa, chumvi ni adui wa ziada. Redio ya kufunga huharibika mara nyingi si ndani ya redio bali kwenye kiungo cha waya wa antena. Kutu ya kijani ikiingia hapo, redio itaendelea kuwaka, namba zitaonekana, sauti za karibu zitasikika, na nahodha ataamini yuko salama; lakini kinachotoka hewani ni kidogo mno. Waya wenyewe nao hula nguvu. Ule mwembamba wa kawaida, ukiwa na urefu wa mita 15, humeza karibu nusu ya nguvu kabla haijafika kwenye antena. Kwa hiyo fundi anayefunga redio kubwa kwa waya mrefu mwembamba na viungo vya kusokota kwa mkono amemuuzia mteja redio ya wati 25 yenye uwezo unaokaribia wa ile ya mkononi.

Kuna njia ya katikati ambayo hutajwa mara chache dukani, pengine kwa sababu faida yake ni ndogo kwa muuzaji. Redio nyingi za mkononi zina antena ya kufunguliwa. Kwa kipande kidogo cha kuunganishia, inawezekana kuifunga redio hiyo kwenye antena ya mlingotini wakati wa safari, halafu kuirudishia antena yake fupi inapohitajika mkononi. Nguvu inabaki wati 5, lakini upeo unakuwa ule wa mlingoti. Mwenye boti moja ndogo asiye na betri kubwa anaweza kuanza hivyo.

NANI ANASIKILIZA?

Redio moja si mawasiliano. Mtu anaweza kununua kifaa cha bei kubwa, akakifunga vizuri, akaita chaneli 16 usiku kucha, na asijibiwe kwa sababu hakuna aliyewasha redio.

Upande wa bahari hali ni nzuri kidogo. Mombasa kuna kituo cha kikanda cha kuratibu uokoaji kilichofunguliwa mwaka 2006, na Dar es Salaam kuna kituo kinachofanya kazi nacho. Bandari na meli kubwa zinatakiwa kusikiliza. Ziwa Victoria limechelewa, ingawa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria mwaka 2007 na mradi wa mawasiliano na usafirishaji wa majini uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika umeielekeza Mwanza kuwa makao ya uratibu wa uokoaji ziwani. Watu wa ziwa hilo hawahitaji kuelezwa sababu. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 karibu na Mwanza. MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018 karibu na kisiwa cha Ukara. Hizo ni zile zenye majina. Mitumbwi na boti za mizigo zinazopotea usiku hazina majina, na makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba ziwa hilo huua watu kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka. Dhoruba zake kali hupenda usiku, wakati upepo wa nchi kavu kutoka pande zote unapokutana katikati ya maji, na usiku ndio wakati boti nyingi zinasafiri ili mzigo ufike sokoni alfajiri.

Ndiyo maana ushauri wenye maana kwa wafanyabiashara wa mwalo mmoja ni kutonunua peke yao. Kikundi cha watu kumi, au ushirika uliokwisha kusajiliwa, ukinunua redio moja ya kufunga kwa ajili ya ofisi ya mwaloni, ukaipandishia antena mita 20, na kila boti ikabeba ya mkononi, umepata kitu ambacho redio kumi kubwa zilizotawanyika haziwezi kutoa: mtu wa kujibu. Ya mezani ofisini huwa na umeme, spika yenye sauti, na mlingoti ambao boti haiwezi kuubeba. Ya mkononi hufuata mabaharia. Gharama kubwa katika mpango huo haitakuwa redio. Itakuwa mshahara wa kijana wa zamu ya usiku. Vikundi vingi hujikwaa hapo. Wanachanga fedha za kununua chombo, hawachangi za mtu wa kukaa nacho.

Simu ya kiganjani haiondoki kwenye hesabu. Karibu na ufuko ndiyo njia ya haraka, na hata ng'ambo laini nyingi sasa hufanya kazi. Lakini minara yake imejengwa kuwahudumia watu wa nchi kavu, na teknolojia ya kawaida ya GSM ina ukomo wa kama kilomita 35 kutoka mnarani hata kama hakuna kizuizi chochote. Zaidi ya hapo, simu humfikia mtu mmoja. Anayepiga kwa mwenye mzigo Kigoma amemwamsha mtu aliye mbali. Anayeita chaneli 16 amewaambia wote walio karibu, pamoja na boti iliyo kilomita tatu nyuma yake ambayo hata namba ya nahodha wake haijui.

SKANA: KUSIKILIZA TU

Baadhi ya wafanyabiashara, hasa wenye maghala karibu na bandari, hawataki kuzungumza. Wanataka kujua: meli imeita bandari? Boti ya mwenzake imeshaingia? Kwao huuzwa skana, yaani redio ya kupokea tu inayopekua chaneli moja baada ya nyingine na kusimama pale inaposikia sauti. Nazo zipo za mkononi na za mezani. Kwa matumizi ya ghalani, ya mezani hushinda bila ubishi: inapata antena ya juu ya paa, haihitaji kuchajiwa, na spika yake inasikika mtu akiwa anahesabu magunia. Ya mkononi inafaa kwa anayezunguka gatini.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Skana haiwezi kuomba msaada; anayeichukua safarini akidhani ana redio amebeba sikio bila mdomo. La pili ni sheria. Mazungumzo ya watu wengine hewani si mali ya aliyeyasikia. Sheria za mawasiliano za ukanda huu hugusa kuingilia na kusambaza taarifa zisizomhusu mtu, na kununua kifaa dukani hakumaanishi kwamba matumizi yake yote yameruhusiwa. Kabla ya kuweka skana juu ya meza ya ghala, mwenye ghala aulize kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake, tena kwa maandishi.

Redio za VHF za majini zenyewe zina uwezo huo wa kupekua chaneli, na kwa wengi huo unatosha. Lakini redio inapopekua na kusimama kwenye soga za chaneli nyingine, inaweza kukosa wito wa 16. Kwa hiyo ichaguliwe yenye uwezo wa kurudi 16 kila baada ya muda mfupi hata inaposikiliza kwingine. Soga zenyewe zihamishiwe kwenye chaneli za chombo kwa chombo, kama 6, 8, 72 au 77. Chaneli 70 isiguswe kwa maneno. Hiyo ni ya ishara za kidijiti za dharura.

KITUFE CHEKUNDU NA NAMBA YA NCHI

Redio nyingi za kufunga za siku hizi, na baadhi ya za mkononi, zina kitufe chekundu chini ya kifuniko. Kikishikiliwa kwa sekunde chache, redio hutuma kwenye chaneli 70 wito wa dharura ukiwa na namba ya utambulisho ya chombo yenye tarakimu tisa, inayoitwa MMSI. Tarakimu tatu za mwanzo ni za nchi: Kenya ni 634, Tanzania 674 na 677, Uganda 675, Kongo 676, Burundi 609, Zambia 678.

Kwa wanaonunua vifaa vilivyotumika, hasa vinavyoletwa kutoka Dubai, hapo pana shimo. Redio inaweza kuwa tayari imeingizwa namba ya chombo cha zamani. Nyingi huruhusu namba kuandikwa mara moja au mbili tu, na baada ya hapo ni fundi aliyeidhinishwa pekee anayeweza kuifuta. Boti ya Kigoma ikibonyeza kitufe hicho, waokoaji wataona namba ya meli ya Ghuba, na dakika za kwanza zitapotea katika kumtafuta mtu ambaye hajazama. Mnunuzi aiwashe redio dukani, afungue menyu, aitazame namba hiyo kabla ya kutoa fedha. Atazame vilevile kama redio ina GPS ndani yake au inahitaji kuunganishwa kwa waya na kifaa kingine. Bila hivyo wito utatoka bila kusema ulipotoka.

KARATASI ZA MPAKANI

Redio ya kutangaza si mzigo wa kawaida kama khanga au sufuria. Katika nchi za Jumuiya, kifaa cha aina hiyo kinahitaji kuwa kimeidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano, na chombo kinachokitumia kinahitaji leseni: TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya, UCC kwa Uganda, RURA kwa Rwanda, ARCT kwa Burundi. Leseni ya redio ya chomboni haimpi mtu haki ya kuweka nyingine ofisini. Kituo cha nchi kavu kina leseni yake. Ushirika unaopanga kusimamisha mlingoti mwaloni uanze na barua hiyo, kwa sababu mlingoti wa mita 20 huonekana na kila ofisa anayepita.

Wafanyabiashara wadogo waliozoea utaratibu rahisi wa forodha, ule wa bidhaa zisizozidi dola 2,000, wasijidanganye kwamba utawafunika. Utaratibu huo ni kwa bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Redio iliyotengenezwa Asia haimo, hata kama imenunuliwa Nairobi kwa risiti ya Nairobi. Na anayevuka na redio ya matumizi ya boti yake mwenyewe, si ya kuuza, abebe leseni na risiti pamoja nayo. Katika maeneo ambayo usalama umetetereka, kama mashariki mwa Kongo, mtu anayekutwa na simu ya upepo isiyo na karatasi anaweza kujikuta akijibu maswali ambayo hayahusiani na biashara ya mawese.

Baada ya yote hayo, chaguo lenyewe halichukui muda. Mwenye boti moja ndogo isiyo na betri anunue ya mkononi ya VHF ya majini, inayoelea, yenye kikasha cha betri kavu, na aiongezee antena ya mlingotini fedha zikipatikana. Mwenye boti kubwa yenye betri afunge ya wati 25 kwa waya mzuri, halafu anunue ndogo kwa ajili ya nahodha. Asiyekuwa na boti, anayelipia nafasi kwenye boti za wengine, hahitaji kununua redio yoyote. Anahitaji kuuliza, kabla magunia hayajapanda, kama boti ina redio, na kuomba iwashwe mbele yake. Swali hilo halina gharama, na likiulizwa na wenye mizigo kumi kwa siku moja, mwenye boti ataenda dukani mwenyewe.

Majaribio yafanywe mchana, maji yakiwa shwari. Boti iondoke, na kila baada ya kilomita mbili nahodha aite ofisi ya mwaloni kwenye chaneli iliyokubaliwa, huku wa nchi kavu akiandika saa na mahali. Pale atakapoacha kusikika paandikwe kwa wino kwenye ukuta wa ofisi, na kila anayesafiri apajue. Kitufe cha kuzungumzia nacho kichunguzwe kila kurudi: kikinasa chini ya gunia, redio hiyo moja huziba chaneli 16 kwa kila boti iliyo karibu, na anayekalia gunia hilo hana habari.